Mnara wa Mkono wa Kulia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni mpaka mtumishi anachungulia mlangoni kuona nina nini. Kicheko kikiisha, hutafuta pa kukaa. Ni siku tuliyomshusha babu yangu kwenye gari hapa Ibra, Omani, baada ya umri wake mzima kuumalizia Unguja, tukamfikisha kwenye mlango wa watu wengine kabisa, naye akaubusu.

Nakuhadithia leo kwa sababu mabegi yako yamejaa ukumbini, mama yako kila saa anayapandisha kwenye mizani, na kesho unakwenda Ayalandi kusoma udaktari, tena katika mji wa Limerick. Wenzako wanakwambia uchukue koti na bizari. Vichukue. Lakini bibi yako naye ana chake cha kukufungia. Mji huo naujua, ingawa mguu wangu haujaukanyaga. Usinitolee macho, subiri utaona nimeujuaje.

Tuanze na Babu Seif. Alitoka hapa mtoto mdogo, ami yake akamchukua kwenda naye Unguja. Mama yake alibaki. Alimsindikiza mpaka kwenye lango la mji, wakaagana, na hawakuonana tena duniani. Babu akakulia Unguja, akaoa, akazaa, akazeeka, mwisho macho yakamzimika. Miaka ya sabini, nchi hii ilipowafungulia watoto wake waliokuwa Afrika, sisi tukarudi. Nasema tukarudi, na mimi nilikuwa sijafika hata mara moja!

Lakini njia tulikuwa nayo. Kila Ijumaa baada ya alasiri, kule Unguja, Babu alitupanga wajukuu barazani akatusomesha njia ya kwao kama watu wanavyosomeshwa juzuu. Yeye anauliza, "Kwanza?" Sisi tunaitikia: Lango! Wadi! Mnara mkono wa kulia, ufuate! Msikiti! Falaj! Mlango wenye nyota! Falaj, ule mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi mpaka mitendeni, hatukuwahi kuuona, na tuliutaja kila wiki. Aliyekosea hakupata kashata. Mimi kwa kupenda kashata sikukosea kamwe.

Basi siku hiyo Baba akakodi Landrova, barabara ya lami ilikuwa bado haijafika, tukaja tumejaa vumbi hata kope. Dereva alitaka kusimama aulize. Baba akamkatalia.

"Usimuulize mtu. Njia tunayo kichwani."

Na kweli, lango lilikuwepo. Wadi, bonde la mto wa mvua, lilikuwepo, kavu, mawe matupu. Tukatazama mkono wa kulia, mnara huo hapo! Baba alipiga ukelele kama mtoto. Tukaufuata mpaka msikitini, tukausikia mfereji unapita, na mbele yetu mlango mkubwa wa mbao umechongwa nyota. Tukamshusha Babu. Akaipapasa ile nyota kwa vidole, ncha baada ya ncha, akaubusu mlango, akalia kwa sauti. Na sisi sote tukalia, pamoja na dereva, ambaye hata hatukuwa tunajuana.

Mlango ukafunguliwa na mtu wa makamo. Huyo ndiye Ami Khalfan, Mungu amrehemu. Baba akajieleza, kuwa huyu ni Seif, amerudi nyumbani kwao. Ami Khalfan akatutazama mmoja mmoja. Mkewe, Bi Thuraya, alikuja nyuma yake akafungua kinywa kutaka kusema, mumewe akainua mkono kidogo tu, naye akanyamaza. Nililiona hilo, ila sikulitia maanani.

"Hayyakum Allah!" akasema. Halafu, maajabu, akageuza Kiswahili: "Karibuni sana, karibuni ndani. Mzee wetu amefika kwake, hamna shida yoyote."

Kumbe ujanani mwake aliuza dukani Tabora. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, nasi wa Unguja tulivyo, tulimcheka kwa siri kila alipofungua mdomo, huku tunakula chakula chake.

Tulipewa upande mzima wa nyumba. Babu akapewa chumba cha chini, akawa anashinda humo ameegemea ukuta, kiganja kimelala ukutani, anazungumza na marehemu mama yake polepole. Alikuwa na raha. Sikuwahi kumwona vile Unguja. Wiki zikapita, kisha miezi.

Mimi nikapata kazi hospitali ndogo ya mji, ya kutafsiri. Kiingereza nilikuwa nacho cha skuli, Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea Mungu tu. Bibi mmoja mgonjwa alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Binti, sema hicho cha kizungu, huenda nikakifahamu zaidi." Niliyemtafsiria alikuwa muuguzi, Sista Nora, mwanamke mrefu, uso umejaa madoadoa ya jua, mcheshi, anakunywa chai nyeusi kama wino. Kwao ni huko huko Limerick uendako.

Wakati wa chai ndipo aliponihadithia mji wake. Akasema mji wenyewe ulikuwa miwili. Mmoja kisiwani, wenye ngome ya mfalme kando ya mto mkubwa, ukiitwa Mji wa Waingereza. Wa pili ng'ambo ya kijito, ukiitwa Mji wa Waairishi. Kila mmoja na kuta zake, na kati yao daraja dogo. Baadaye matajiri wakajijengea mji wa tatu, njia zimenyooka, nyumba ndefu za matofali, na masikini wakabaki wamebanana katika vichochoro vya ile miwili ya kale. Nora alizaliwa katika kichochoro kimoja cha upande wa Waairishi. Alipokuwa msichana, serikali ya mji ikavunja vichochoro vile, ikawahamishia watu viungani, katika majumba mapya yaliyojengwa palipokuwa malisho ya ng'ombe. Watu wakapata bomba la ndani na bustani mbele ya mlango, akasema, ila wakapoteza majirani.

Nikamwambia hapa nako ni vivyo hivyo, upande wa juu na upande wa chini, katikati wadi, kila upande na mnara wake, msikiti wake, falaj yake, hata milango yake ya nyota. Walikuwa na ugomvi wao wa zamani, na hata waliokuwa wakinuniana hawakuweza kukueleza ulianzia wapi. Tukacheka. Watu wa miji miwili, mbali hivyo, wamejigawa namna moja.

Ndipo akanihadithia habari za wageni. Kwao, akasema, kila msimu wa joto walifika watu kutoka Marekani, wajukuu wa waliohama zamani kwa njaa, wanatafuta nyumba ya babu yao. Wengi walitafuta kichochoro ambacho hakipo tena. Na mama yake Nora alikuwa na huruma, hakuweza kumwambia mtu aliyevuka bahari kwamba nyumba imevunjwa. Basi huwapeleka penye nyumba yoyote ya kale iliyobaki imesimama. "Ndiyo hii," huwaambia. Wanalia, wanabusu mlango, wanapiga picha, wanakwenda zao wameridhika.

Nora alikuwa anacheka. Mimi nikakitua kikombe. Nikaukumbuka mkono wa Ami Khalfan ulivyoinuka, na Bi Thuraya alivyonyamaza.

Siku hiyo nilitoka kazini moja kwa moja mpaka shambani kwa Ami Khalfan, nikamkuta anageuza maji ya zamu yake yaingie mitendeni.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, Zuwena. Mbona unahema?"

"Ami, nambie kweli. Ile nyumba ni ya kina babu?"

Akamaliza kuziba mfereji kwa matope. Akanawa mikono.

"Ni ya baba yangu, na baba yake," akasema. "Ya kwenu ipo ng'ambo, upande wa chini. Imebaki ukuta mmoja tu na kifusi."

"Na wewe ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua mlipotaja jina. Lakini binti yangu, mtu kipofu amebusu mlango wako analia, utamwambia ee mzee, umepotea? Sisi mgeni hatumwambii amekosea mlango. Akija kwako, ni wako. Kisha nikamwona amepata raha. Nikasema, mwache. Wallahi, sina nia nyingine."

Nikaenda kwa Baba. Baba akasema tumwache Babu hivyo hivyo. Haoni. Siku zake zimebaki chache. Kwa nini tumvunje moyo, tumtoe kwenye chumba kilichopakwa chokaa tukamwoneshe kifusi? Na maneno yake, mwanangu, yalikuwa na mantiki. Ukiniuliza leo, Baba alikuwa na makosa gani, nitasema hana. Alimpenda baba yake.

Lakini mimi sikuweza. Kila nikimwona Babu amelaza kiganja kwenye ukuta wa mama wa Ami Khalfan, anamhadithia habari zetu, nashindwa kutazama. Nikawa nakwepa kuingia chumbani mwake, nami ndiye niliyekuwa nikimpelekea kahawa. Akaniona, kwa namna yake ya kuona.

"Zuwena," akaniita. "Una siku nyingi kahawa unaniletea na kukimbia. Nimekukosea nini?"

Nikalia. Nikamwambia yote, ovyo ovyo, mwisho ukatangulia mwanzo, kikombe cha kahawa kimenipindukia mapajani. Baba na Ami Khalfan walisikia kilio wakaja mbio, wakasimama mlangoni.

Babu akauondoa mkono wake ukutani. Aliuondoa taratibu, akauweka juu ya goti. Halafu akasema maneno ambayo sikuyasahau, wala hakuyasema kwa hasira.

"Mmenionea huruma mpaka mmeninyima mama yangu."

Ami Khalfan alipiga magoti akamshika miguu. Babu akamwinua, akamwambia, "Weye huna kosa, umenilisha. Kosa langu mwenyewe. Hebu tulieni nifikiri." Akanyanyua mikono yake yote miwili mbele ya uso, kama vile anaitazama. "Siku ile natoka, mama alinishika mkono wa kushoto. Huu wa kulia ulikuwa wazi. Nikaupungia mnara wetu kwaheri kwa mkono huu. Kwa huu!" Akaanza kucheka. "Yarabi toba! Nimewasomesha watoto miaka yote hiyo njia ya kuingia, kwa mikono ya kutokea!"

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Alipokuwa mtoto aliiona njia ile mara nyingi, lakini iliyomkaa moyoni ni mara ile ya mwisho. Hakuwahi kuiingia tena, si kwa miguu wala kwa ndoto. Kila alipoikumbuka alikuwa anaondoka. Na minara ni miwili, mmoja kila upande wa wadi, na anayeingia wa kwao humkalia mkono wa kushoto. Sisi, na kashata zetu zote tulizokula, hatukuwa na hata mmoja aliyefikiri kumuuliza mwenyeji.

Asubuhi yake tukamchukua kwa miguu. Hakutaka gari. Alianza tena langoni, na aliyemshika mkono alikuwa Ami Khalfan, ambaye hakuwa ameingia upande wa chini kwa matembezi tangu ujana wake. Bi Thuraya alibeba bakuli la halua kichwani, maana hakutaka tuende mikono mitupu. Tulipovuka wadi, wanaume wa upande wa chini waliokuwa wamekaa kivulini wakasimama. Babu akawapigia salamu kwa sauti kubwa, akawataja kina fulani bin fulani, wengi wao wafu, akasema yeye ni nani. Mzee mmoja akaitika, wengine wakaitika, wakatufuata.

Tukafika kwenye ukuta. Ami Khalfan alikuwa amesema kweli, kifusi. Mlango haupo, dari haipo, mtende mdogo umeota katikati ya chumba. Nikamtazama Babu, naogopa. Yeye akasogea mpaka ukutani, akanyoosha mkono juu, juu kabisa ya kichwa, anapapasa, hapati kitu. Akashusha kidogo. Akashusha tena. Mkono wake ukaingia kwenye zidaka, kijishubaka kile cha ukutani cha kuwekea vitu, kilichokuwa usawa wa kifua chake.

"Lilikuwa juu," akasema. "Mama alikuwa akininyanyua nichukue tende."

Kwenye kundi lililotufuata alikuwemo bibi mmoja, Bi Zeyana, mdogo kwake kwa miaka mingi. Aliposikia neno tende akapiga kofi. Akasema kwa Kiarabu, nami safari hiyo kila neno nililielewa, kwamba mama yake Seif aliishi akazeeka katika nyumba ile, na kila mavuno alijaza tende katika zidaka lile. Watoto wa mtaa wakipita huwaita. "Hizi za Seif," huwaambia, "zileni nyinyi mpaka atakaporudi." Yeye Zeyana alikuwa mmoja wa watoto hao.

"Tumezila zote, Seif," akamwambia. "Tusamehe."

Babu akacheka, na machozi yanamtoka, akasema, "Halali yenu! Halali yenu zote!" Akauliza, na mama alikuwa akivaa nini, na sauti yake ilibakia vipi, na alizikwa wapi. Na kila aliloulizia, palikuwa na mtu wa kumjibu. Wakaleta mkeka, wakaleta kahawa, ikanywewa na halua ya Bi Thuraya. Watu wa juu na watu wa chini wakala katika sinia moja juu ya kifusi. Nilijua pale pale kwamba nimewahi kufanya jambo moja sawa maishani.

Ulipofika wakati wa chakula cha mchana wakamng'ang'ania Babu abaki upande wake. Akasema, "Kwetu ni hapa. Lakini wali umepikwa kwa Khalfan." Na mpaka anafariki aliishi hivyo, analala kwa Khalfan, asubuhi anavuka wadi kwenda kukaa penye ukuta wa mama yake, na kila siku yuko mtu wa kumshika mkono, mara wa juu, mara wa chini. Babu yako mzaa mama, kama hujui, ni mjukuu wa Bi Zeyana. Unadhani mimi na yeye tulionana wapi?

Nilimhadithia Sista Nora yote. Akakisukuma kikombe chake cha chai pembeni. Akasema mama yake alidhani wale wageni wanataka nyumba. Hakufikiri kwamba angeweza kuwapeleka kwenye kiwanja kitupu, akawaambia hapa alikaa bibi yenu, alikuwa mkali, alipenda kuimba, alinipiga kofi siku moja na nilistahili.

Sasa sikiliza, maana haya ndiyo ninayokufungia. Ukifika mji wa watu, usitangulie na unachokijua. Uliza, hata kama njia unayo kichwani, na zaidi ukiwa na hakika nayo. Wewe utakuwa daktari, utakaa na wagonjwa na wazee wao, na itakujia huruma uwaambie la kuwaridhisha. Usifanye hivyo. Mwambie mtu ukweli wake hata kama ni kifusi, lakini usimwambie ukaondoka. Mshike mkono uende naye mpaka hapo, ukae, kwa sababu huwezi kujua nani atatokea nyuma yako anayekumbuka tende. Na mgeni akikosea mlango akaja kwako, mpokee kama Ami Khalfan alivyotupokea, mlishe kwanza. Ila asubuhi mwoneshe kwao.

Na nina haja. Miaka ya themanini Nora alipokuwa anaondoka, nilimkalisha kitako akanisomesha njia ya kwao, nami nikamsomea mpaka nikaipata. Ichukue. Mlango wa mama, shika kushoto. Tanuri la mikate kwenye kona. Teremka mpaka daraja dogo, vuka. Mnara wa kanisa kuu mkono wa kushoto. Kisha ngome, kisha mto mkubwa. Hakuna kichochoro tena, najua. Nenda hivyo hivyo, mtafute mzee yeyote wa viungani aliyehamishwa pale, umuulize kina Nora walikuwa watu gani, ukae akwambie. Lakini kumbuka, Nora aliianzia mlangoni kwa mama yake, alikuwa anatoka. Wewe utakuwa unaingia. Geuza mikono.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutangulie kila njia panda, akupe watu wa kukufungulia hata mlango uliokosea, akutie ilimu yenye manufaa na mkono mwepesi kwa wagonjwa, akurudishe ukiwa na afya na heshima yako. Tende zako nitaziweka kwenye zidaka. Usikawie sana, maana watoto wa mtaa huu nawajua.